Mwanamke Anayecheka Kwenye Filamu ya Kuku

6 Machi

Shikamoo Dada,

Nimekupigia wiki nzima, naambiwa hupatikani. Nikampigia wifi yako, akasema wote wazima, akakata simu kabla sijamaliza kumshukuru. Basi nimeona nikuandikie, kama zamani nilipokuwa bwenini.

Najua umeiona filamu yetu ya kuku. Kama hujaiona, umeshaambiwa. Ilionyeshwa kwenye televisheni Jumapili, na tangu hapo vipande vyake vinarushwa kwenye simu za watu usiku na mchana. Wewe umo. Umo kwa muda mfupi sana, umevaa koti jeupe na kofia ya kufunika nywele, na unacheka.

Acha nikueleze kabla hujanichukia. Mimi sikukanyaga kiwandani kwenu. Kazi yangu unaijua: nakaa kwenye chumba kisicho na dirisha, naletewa picha walizopiga wengine, nazikata na kuziunga mpaka ziwe hadithi. Si ndiyo maana mkaniita Mkasi? Wapigapicha walipokuja huko walimwambia meneja wenu kwamba wanatengeneza filamu ya ajira za wanawake. Picha zikaja kwangu. Nikakaa nazo, kuku baada ya kuku, mpaka nikawa naona mabawa hata nikifumba macho. Halafu ghafla nakuona wewe, dada yangu wa tumbo moja, umetupa kichwa nyuma na mkono uko mdomoni.

Mwongozaji alikuwa analalamika kwamba tuna kuku wengi na hatuna binadamu. Anataka uso. Nikamwambia uso ninao.

Dada, wewe ukicheka hivyo, sisi nyumbani tunajua maana yake. Ulicheka hivyo siku baba alipofariki, majirani wakakushangaa. Ulicheka hivyo siku ulipoletewa habari za mume wako. Kwetu sisi kile si kicheko, ni kilio kilichopotea njia. Nikajiambia, hapa nimepata mwanamke mmoja ndani ya kiwanda kile ambaye moyo wake bado unauma. Nikakuweka mara tu baada ya kuku anayening'inia, nikapandisha muziki. Nilipomaliza nikajifuta machozi. Hata mwongozaji aliomba nimrudishie kipande kile, nikadhani na yeye ameona nilichoona.

Haikunijia kwamba watu wengine hawakulelewa na wewe. Wao wameona mwanamke anamcheka kuku anayekufa.

Nijibu hata kwa kunitukana. Mpwa wangu Chiriku mzima?

Mdogo wako,
Mkasi


15 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Simu nimeizima kwa sababu namba yangu imezagaa. Mtu nisiyemjua alinipigia akaniita muuaji. Mwingine alilia tu bila kusema neno, nikamsikiliza mpaka salio lake likaisha. Wa tatu aliuliza kama naweza kumuuzia mabawa kwa bei ya jumla. Huyo peke yake ndiye aliyenisalimia kwanza.

Kuhusu kicheko. Siku ile tulikuwa chumba cha kulia, tumevua glavu, tunapasha vidole kwa vikombe vya chai. Mama wa firigisi, huyu anayesimama mbele yangu kwenye mkanda na kutoa firigisi tangu mimi sijaajiriwa, alikuwa anamwigiza msimamizi wetu alivyoteleza akaketi ndani ya kreti la manyoya, akainuka ana mkia. Nilicheka kwa sababu ilichekesha. Hakuna habari ya baba hapo, wala ya marehemu mume wangu.

Kwa nini kila nikicheka mnataka niwe ninalia? Siku ya msiba wa baba nilicheka, ndiyo, na nililia pia, lakini ninyi mlichagua la kukumbuka. Basi tangu siku hiyo sina ruhusa ya kufurahi hata wakati wa chai. Ningekuwa na uchungu kazini ningekuambia. Nasimama, mkanda unapita, nakata bawa la kulia, nakata la kushoto, natumbukiza kwenye maji ya barafu. Sioni uchungu, sioni raha. Ni kazi. Vidole vimeanza kufa ganzi, cha mwisho na kinachofuata, basi hapo ndipo ninapojua kwamba mwaka umepita.

Nisingekuandikia yote haya kama si Chiriku. Mwalimu wao wa sayansi aliwaonyesha filamu yenu ukumbini, shule nzima. Mimi nilikuwa zamu ya mchana. Niliporudi nilimkuta amekunja sare zake zote vizuri, vizuri kuliko nilivyowahi kumfundisha. Akaniambia, "Mama, naenda kukaa kwa shangazi, ni karibu na shule." Si karibu na shule. Unapita shule ndipo ufike kwa shangazi yake.

Hakunigombeza. Bora angenigombeza. Unamjua yule mtoto, amepewa jina la Chiriku kwa sababu hafungi mdomo hata akiwa na maji mdomoni. Siku ile alisema sentensi hiyo moja. Nilikuwa nimepika maharage, hayana kuku wala mchuzi wa kuku, akasema ameshiba. Nilipompelekea nguo zake nyingine kwa wifi nilibeba na chakula. Wifi ameniambia hakukigusa, alikiangalia tu.

Sijakukasirikia. Nilijaribu kukasirika nikashindwa, nimechoka mno. Lakini nataka mwanangu arudi nyumbani. Hilo tu ndilo ninalotaka, na mimi sijui namna ya kulisema. Wewe ndiye uliyemshawishi, sasa mweleze ulivyofanya. Mwandikie, mfumbue macho.

Dada yako


24 Machi

Mpwa wangu Chiriku,

Kwanza nikukumbushe kitu. Ulipokuwa mdogo ulikuwa hulali mpaka ushike sikio la mama yako. Alikuwa anarudi kutoka kazini amechoka hoi, anakaa ukingoni mwa kitanda chako na kofia ya kiwandani bado iko kichwani, anakuinamia ushike sikio mpaka usingizi ukuchukue. Mgongo ulikuwa unamuuma. Mimi nilikuwa nalala chumba kile kile, kwenye godoro la chini, nilikuwa namwona.

Sasa tuzungumze filamu. Nasikia mmeonyeshwa wote, na mwalimu akazima taa. Vizuri, taa ikizimwa kazi yangu inakuwa imeshafanyika nusu.

Mle kiwandani mashine zinapiga kelele kiasi kwamba watu huongea kwa ishara. Sauti ya kuku huisikii hata ukiinama. Sisi tuliiondoa sauti yote, tukaacha kimya kidogo, halafu ndani ya kile kimya tukaweka mlio wa kuku mmoja. Ule mlio ulioufanya ukumbi mzima ushike vichwa niliurekodi mimi mwenyewe uani kwa mwenye nyumba wangu, kuku wake alipobanwa na mlango wa jiko. Yu hai mpaka leo na ananiamsha kila asubuhi.

Taa za kiwandani ni nyeupe tu, kama za darasani kwenu. Nilipunguza umanjano nikaongeza ukijani. Mwanga ule umweke hata mwalimu mkuu wako, ataonekana ama mgonjwa ama mtu aliyeficha maiti. Na kuku mwenyewe nilimpunguza mwendo. Angepita kwa kasi yake ungeona mzigo unapita. Akipita polepole, jicho lake likakutazama, unaona mtu. Nilitafuta kuku mmoja tu mwenye jicho zuri, maana ukionyesha elfu moja hakuna anayelia.

Yule profesa aliyesema "hatujui tena tunachoweka vinywani mwetu" alikuwa anazungumzia ngano. Tulimkata kabla hajaitaja. Na pale palipoandikwa kwamba kiwanda kilikataa kujibu maswali yetu, ni kweli tulipiga simu, lakini tulipiga asubuhi ya sikukuu. Alipokea mlinzi. Alisema hana maoni, tumwache arudi kulala.

Sasa mama yako. Alipigwa picha wakati wa mapumziko, chumba kingine, siku nyingine kabisa. Kulikuwa na mtu anafanya mzaha. Mama yako na kuku yule hawakuonana. Mimi ndiye niliyewakutanisha, hapa kwenye kompyuta, kwa sababu nilidhani najua kicheko chake kina maana gani.

Basi umeona mwenyewe. Ulichokimbia si mama yako, ni mchanganyiko wangu wa rangi na makelele. Rudi nyumbani. Hakuambii, lakini kila jioni anapika chakula cha watu wawili.

Mjomba wako,
Mkasi


2 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nililia. Ya pili nilichukua kalamu nyekundu.

Filamu yako inaanza na kifaranga kwenye kiganja cha mtoto. Barua yako inaanza na mimi nimeshika sikio la mama. Halafu unaleta kitu cha kuchekesha, kuku wa mwenye nyumba, ili nikuone mtu mwema. Halafu mwishoni unashusha sauti, mama anapika chakula cha watu wawili. Hapo ndipo muziki ungeingia kama barua ingekuwa na muziki. Nilipofika hapo nilikuwa nimeshafungua kabati kutoa begi. Ndiyo maana nikaisoma mara ya pili.

Umenieleza vyote vilivyokuwa vya uongo. Vya kweli hukuvitaja. Nilivitafuta, havimo. Wale kuku walining'inizwa au hawakuning'inizwa? Mama anashika kisu au hashiki? Najua anashika, nimekua nikijua, ndicho kilichoninunulia viatu. Sasa mbona hukuandika?

Mwalimu alituambia tuandike tulivyojisikia baada ya kuangalia. Wenzangu waliandika kurasa nzima, mmoja aliandika hatakula nyama tena maishani na wiki hiyo hiyo nikamwona na sambusa. Mimi niliandika kwamba sijisikii kitu. Mwalimu akaniambia sikujitahidi.

Watoto wa darasa la chini wananiigizia mlio wa kuku nikipita. Umewafundisha vizuri, wanautoa kama ulivyo kwenye filamu. Sijawajibu. Zamani ningewajibu mpaka wakajuta.

Shangazi anasema nimemkasirikia mama. Sijamkasirikia. Watu wote mnafikiri mtu akiondoka amekasirika. Nikikaa naye mezani naiona mikono yake, na ule muziki wenu unaanza. Hakuna anayeupiga, unaanza wenyewe. Nikimeza, unapanda. Hata maharage. Niliwahi kujaribu kuimba kichwani wimbo mwingine juu yake, haukusaidia. Sasa wewe ndiye uliyeuweka, hebu niambie unazimwaje. Ukinipa jibu la hilo nitarudi hata leo.

Mama usimwambie habari ya muziki. Ataona kosa ni la mikono yake.

Mpwa wako,
Chiriku


20 Aprili

Mdogo wangu,

Sijui ulimwandikia nini mtoto, lakini hajarudi. Nilimwona dukani Jumamosi. Alinisalimia vizuri, akaniuliza habari za kazi, kama anavyouliza mgeni. Nikamwambia nzuri.

Na kazini kuna jambo. Wenye kiwanda wameamua na wao watengeneze filamu yao. Meneja aliniita ofisini akanipa soda baridi, na vidole hivi chupa ikanianguka, akamwita mtu aje kufuta. Akasema sauti ya kwanza imeshasikika nchi nzima, sasa lazima isikike ya pili, na mimi ndiye ninayejulikana. Anataka niwe yule yule mwanamke, na anataka nicheke, ila safari hii nicheke nyumbani kwangu, mezani, ninakula kuku wa kiwanda pamoja na mwanangu. Watu wakiona mtengenezaji mwenyewe anamlisha mtoto wake, akasema, hakuna profesa atakayewatikisa.

Nikamwambia mtoto yuko kwa shangazi yake, anasoma. Kijana wao wa kamera akasema si tatizo, wataleta msichana wa rika lake. Nilimsikiliza huku nafikiria huyo msichana ataninunia au atanichangamkia, na sikuona tofauti. Lakini meneja alikataa. Mtaani kwetu wanamjua mwanangu, mtu mmoja akisema yule si yeye, mambo yataharibika zaidi. Safari hii, akasema, kila kitu kiwe cha kweli. Anataka mtoto wa kweli.

Na kama haiwezekani, basi watanihamishia chumba cha kutundikia. Sijawahi kukueleza chumba hicho. Ni kule nyuma malori yanakoshusha. Hawawashi taa ya kawaida, kuna taa ya buluu tu, hafifu, kwa sababu kuku haoni vizuri kwenye buluu na anatulia. Unamtoa kwenye kreti akiwa hai, unamshika miguu yote miwili, unamtundika kichwa chini kwenye chango cha chuma kinachopita mbele yako, na cha pili kimeshafika. Wanaofanya kule wanatoka na mikono imechanika kwa makucha. Wanatuma vijana wenye nguvu. Mimi kwa vidole hivi nitaangusha, na ukiangusha mkanda unasimama, na ukisimamisha mkanda mara kadhaa unaonyeshwa mlango. Kazi nyingine siijui. Kwa hiyo meneja hakunifukuza. Amenionyesha tu njia ya kujifukuza.

Nimeomba wiki chache, wakapanga waje tarehe 18 Mei, nimesema nitazungumza na mtoto. Sitazungumza naye. Na wewe usimwambie. Nakuomba, Mkasi, na sijakuomba vitu vingi tangu tumekua. Mwanangu akirudi, arudi kwa sababu amepakumbuka nyumbani. Sitaki aje kwa ajili ya kamera, wala kwa kunihurumia. Nikimpata kwa huruma nitakuwa sijampata.

Dada yako


28 Aprili

Shikamoo Dada,

Nimeisoma. Sitamwambia Chiriku. Umeniomba na nimesikia.

Wakija, uwe tayari kwa mambo haya. Watabadilisha mapazia, maana kamera haipendi kila rangi. Watakuletea sahani ambazo si zako. Chakula kitakaa chini ya taa mpaka kipoe, watakipaka mafuta king'ae, na utaambiwa ule kile kile tena na tena. Watakwambia "kuwa kawaida tu", na usijaribu, hakuna anayeweza. Wakikuomba ucheke, mfikirie msimamizi na mkia wake.

Na kila kitu utakachokiona kwenye filamu yao ikitoka, jiulize kwanza ni nani alikuwa amekaa nyuma ya kamera wakati huo, na alikuwa ametoka kusema nini. Hilo ndilo lote ninalolijua katika kazi hii. Wanaofundisha vyuoni wanalisema kwa miaka mitatu.

Mimi niko vilevile. Tumeanza filamu nyingine, ya sukari. Naletewa meno ya watoto.

Mdogo wako,
Mkasi


6 Mei

Mjomba, shikamoo.

Barua uliyoniandikia mimi tarehe 28 Aprili nimeipata. Shangazi alitaka kujua ni ya nini, nikamwambia ni ya masomo.

Hukuniambia niende. Nimekagua, hakuna mahali umeandika niende. Umenieleza tu chumba cha kutundikia kikoje, na taa ya buluu, na vidole vya mama, na soda iliyoanguka, na siku watakayokuja na kamera, na kwamba mama amekukataza usiniambie. Hilo la mwisho ndilo kali kuliko yote, na wewe unajua, ndiyo maana umeliweka mwisho. Safari hii sikuchukua kalamu nyekundu. Hakuna cha kupigia mstari. Ni ushawishi mtupu na yote ni kweli.

Nitakwenda. Nitakula. Muziki ukianza nitauacha uanze.

Lakini usimwambie mama kwamba ni wewe, na mimi sitamwambia. Tusipomwambia, ataona nilikuja. Akijua, ataona nililetwa. Si ndivyo mnavyofanya, mnatoa kipande kimoja tu na hadithi inabadilika yote? Basi jitoe.

Usinijibu hii. Shangazi ameanza kunusa.

Chiriku


19 Mei

Mdogo wangu,

Filamu imepigwa jana nyumbani kwangu. Walikuja asubuhi wakaondoa kalenda. Wakaondoa picha ya mume wangu kwa sababu kioo chake kinarudisha mwanga, wakaiweka chooni, wakasema ni kwa muda. Wakaleta mapazia ya njano na sahani za watu. Kuku alikuja ameshachomwa, amefungwa kwenye karatasi ya kung'aa, na dada mmoja akakaa naye na brashi akimpaka mafuta kama bibi harusi. Yote uliyoniambia yakawa, nikawa nayaona yanapita kama yanapita kwenye mkanda.

Nilikuwa nimeshamwambia meneja kwamba mtoto haji. Hakunifokea. Alitoa simu tu akatoka barazani, nikamsikia anataja jina langu na chumba cha kutundikia. Nilikuwa nimekaa mezani mbele ya yule kuku nikisubiri wafunge vitu vyao.

Mlango ukagongwa. Ni Chiriku, na sare ya shule, na begi mgongoni. Amerefuka, Mkasi, au nilikuwa nimeanza kumsahau. Nikamwuliza, "Nani amekwambia uje leo?" Akasema, "Hakuna. Nilikuwa napita." Nikamwuliza kama ametumwa na shangazi yake. Akasema, "Shangazi hajui hata kama nimetoka." Halafu akaziangalia zile taa na wale watu, akaniuliza, "Kuna nini, Mama?" Nikamweleza kwa kifupi, sikutaja chumba cha kutundikia. Akasema, "Haya, si kula tu?" Akaenda kunawa.

Wakamkalisha mkono wangu wa kushoto. Mwongozaji wao akamwambia, mshike mama mkono, mtazame, useme, "Mama, chakula kitamu." Akafanya. Taa ikazimika, wakarudia. Gari likapiga honi nje, wakarudia. Kila mara alisema vizuri, tena vizuri sawasawa, kwa sauti ile ile. Alikula, akatafuna, akatabasamu. Kila waliposema kata, alikuwa anageuka na kutema kwenye karatasi, kwa adabu sana, hakuna aliyemwona. Mimi nilimwona. Nilitaka kumwambia basi, inatosha, na sikusema. Waliponiomba nicheke, nilicheka, sijui nilikuwa nafikiria nini.

Walipomaliza aliosha sahani, zile za watu. Akasema, "Mama, naenda, nina mtihani kesho." Nikamwambia sawa. Nikamsindikiza mpaka mlangoni, nikarudi kuwasaidia kukunja mapazia. Meneja akanipa mkono akasema nitabaki kwenye mabawa. Nikamshukuru. Picha ya mume wangu niliikuta bado iko chooni.

Sasa nina ombi. Alinishika mkono, na ni huu wa kushoto, ambao ganzi imeshafika kiganjani. Nilikuwa namwona ananishika, naona vidole vyake viko juu ya vyangu, lakini sikumhisi. Ni kama aliushika mkono wa mtu mwingine mezani. Watu wa kazi yako mnajuana. Waombe wakupe kile kipande, hata kama hakitatumika, unikatie pale tu anaponishika na kusema Mama. Kabla hajageuka. Najua ni uongo, nilikuwepo, nilimsikia mtu akimfundisha la kusema. Nitakaa na kukiangalia na nitaamini, najijua. Nimemkumbuka mwanangu mpaka nimekuwa mjinga.

Lakini kitu kimoja si cha kamera. Uliniambia nijiulize nani yuko nyuma. Nimejiuliza usiku kucha, nimemtafuta kila mtu, sikumwona. Nilikuomba usimwambie na ulinyamaza, nakushukuru kwa hilo. Ungemwambia, leo ningekuwa sina kitu cha kushika. Alikuja kwa miguu yake, Mkasi. Alipakumbuka nyumbani akaja.

Dada yako